Walimwita mama yangu mzigo: safari ya siku moja Mgeta

Nimelikalia jambo hili zaidi ya mwezi nikijiambia litapita. Halijapita. Juzi nimeliona tena tangazo la ile kampuni iliyotupeleka, lile la mawingu yaliyolala chini ya kijiji na maneno ya kukaribisha familia nzima, nikaona hapana, lazima niseme. Familia nzima! Waandike basi kwamba wazee hawamo.

Jina lao silitaji. Ni watu wa pale Morogoro mjini, wanapeleka wageni milimani kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Aliyewahi kusafiri nao atawajua, na anayetafuta mtu wa kumpeleka Uluguru atajua maswali ya kuuliza kabla hajatuma hela.

Kwanza muelewe kwamba sisi hatukwenda kupiga picha. Mama yangu ni Mluguru wa Mgeta, huko juu kwenye milima ya Uluguru. Aliteremka kutoka kule akiwa msichana, akaolewa, akaishia Temeke, na mara ya mwisho kupanda ilikuwa kwenye msiba wa mjomba wake, mimi nikiwa bado shule ya msingi. Waluguru tunafuata ukoo wa mama, na ardhi ya ukoo inapita huko huko. Kwa hiyo hata mimi niliyezaliwa kwenye joto la Temeke, na mwanangu wa darasa la sita ambaye mlima anaujua kwa kuchora, Mgeta ni kwetu kabisa. Tangu magoti yaanze kumsumbua, mama alikuwa na neno moja kila Pasaka na kila Krismasi: "Nipelekeni nikaone kwa mama kabla sijashindwa kupanda."

Treni ya umeme ilipoanza kwenda Morogoro, mwaka 2024, nikasema sasa hakuna kisingizio. Mama hawezi tena kukaa kwenye basi saa nne tano kwenye foleni za Kibaha na Chalinze, lakini kwenye treni anaweka miguu vizuri, choo kipo, na chini ya saa mbili umeshafika. Ugumu ulibaki kipande cha pili, kutoka stesheni ya Kihonda hadi juu. Hapo ndipo nilipowatafuta hawa watu.

Nilipiga simu nikawaeleza mambo matatu, tena nikayarudia kwa maandishi. Mama amevuka miaka sabini na anatembea na fimbo. Tunataka kufika Nyandira penyewe, kijijini kwa mama, tukae na watu. Na jioni tunarudi Dar kwa treni, mtoto ana shule kesho yake. Dada aliyepokea simu alikuwa mtamu wa maneno kupita kiasi. "Mama yetu tutamshika mkono, dada yangu, usiwe na wasiwasi hata kidogo." Akaniahidi gari refu la kupandia milima, dereva mzoefu, chakula cha mchana kwa wenyeji. Nikatuma laki moja na nusu, nusu ya bei. Nikawapa na namba ya mama, simu yangu ikiisha chaji wampate yeye. Siku moja kabla ya safari kweli walimpigia mama, kumkumbusha salio.

Nilipouliza habari ya mvua, maana vuli ilikuwa imeshaanza kugusagusa, akanijibu, "Tukifika ndiyo tutajua." Hapo ningeshtuka. Sikushtuka.

Asubuhi ile treni ilifika kwa wakati wake. Gari halikuwepo. Tulikaa pale nje dakika arobaini, mama ameshika kikapu chake chenye sukari, majani ya chai, sabuni na kanga mbili mpya, kwa sababu kwetu huendi kwa watu mikono mitupu. Likaja Noah. Noah ya kawaida, ile ya kubeba abiria mjini, na tairi la mbele upande wa kushoto lilikuwa limelika hadi linang'aa. Nikauliza, gari refu liko wapi? Dereva akajibu liko gereji. Kijana wa miaka thelathini hivi. Alifungua mlango, akatazama fimbo ya mama, akatazama kikapu, akarudi kwenye usukani. Hakumwamkia. Mwanamke wa umri ule amesimama mbele yako, unampakia kwenye gari lako, na shikamoo huna! Mama akaingia mwenyewe, mimi nikimshika kiuno.

Nataka kuwa mkweli, saa mbili zilizofuata zilikuwa nzuri mno, na hiyo ndiyo inanikera zaidi. Tulipita bwawa la Mindu, pale Sangasanga tukaiacha barabara kuu ya Iringa, tukapita Mzumbe, tukaingia Mlali. Baada ya Mlali mlima unaanza. Hewa inabadilika ghafla, unafunga kioo, unatafuta sweta. Mama, ambaye tangu Kihonda alikuwa kimya, akaanza kuongea. Akamwonyesha mjukuu wake matuta ya ngazi yaliyochongwa kwenye miteremko, mengine yana karoti, mengine njegere, mengine kabichi, mpaka juu kabisa msitu wa hifadhi unapoanza. Akamsimulia jinsi Waingereza walivyowalazimisha Waluguru kuchimba matuta milima yote, watu wakachoka, na mwaka 1955 wakakataa, kukawa na ghasia kule Matombo na risasi zikapigwa. Babu yangu alikuwa akilisimulia jambo hilo kila msimu wa kulima. Mama akamwambia mtoto: "Unaona mto ule? Huo ndio Mgeta. Unaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo mnayokunywa huko Dar. Msitu huu ukiisha, bomba la kwenu linakauka." Mtoto akabandika uso kwenye kioo. Mimi nikajua hela yangu haijapotea.

Tulipofika juu zaidi ukungu ulikuwa umeshuka barabarani. Usiku kulikuwa kumenyesha. Malori ya Fuso yaliyojaa kabichi yalikuwa yanateremka polepole, gia nzito, na yameacha mifereji ya tope jekundu katikati ya njia. Kwenye mteremko mmoja mkali Noah ikaanza kuzungusha matairi pale pale. Ikarudi nyuma. Ikajaribu tena. Likanuka lile harufu la klachi inayoungua. Dereva akazima gari, akasema, "Mwisho hapa."

Nikamuuliza Nyandira bado umbali gani. Akasema kilomita tatu, nne. Nikamwambia tumekubaliana hadi Nyandira. Hakunijibu. Akatoa simu, akampigia bosi wake akiwa amekaa pale pale mbele yetu, nikasikia kwa masikio yangu: "Bosi, gari haipandi. Wangekuwa vijana ningewashusha watembee, ila hapa kuna mzigo, kuna bibi kizee na fimbo yake. Hawa wageni wa Dar wangemwacha nyumbani."

Mzigo.

Mama anasikia vizuri kuliko mimi. Hakusema kitu. Mwanangu akanivuta mkono akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, kwa nini amesema bibi ni mzigo?" Nami sikuwa na jibu la kumpa mtoto. Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie yule kijana maneno ambayo mama hajawahi kuyasikia kwangu, mama akanigusa paja. Akafungua mlango. Akashuka. Akakaza kanga kiunoni, akavua ndala, akazitia kwenye kikapu, akashika fimbo, akaanza kupanda peku kwenye tope. Mwanamke aliyezaliwa kwenye mlima ule, ambaye mama yake na bibi yake wamezikwa kule juu, anaitwa mgeni na mzigo na mtu aliyepewa hela amfikishe!

Haya, niache hapo kwanza, maana nikiendelea nitaandika nisiyoyataka.

Hatukutembea hata nusu kilomita. Wanawake wawili walikuwa wanapanda kutoka shambani na matenga ya njegere kichwani. Mmoja akasimama, akashusha tenga, akamwambia mama, "Tumsifu Yesu Kristo." Mama akaitika, "Milele, amina." Kisha wakaanza Kiluguru, mimi nikabaki kudaka neno moja moja. Nilisikia jina la ukoo wetu. Yule mama akashika kichwa. Hakuwa ndugu wa karibu, ila mjomba wa mama alimjua, na kiwanja cha bibi alikijua. Akapiga mbinja. Ikachukua dakika chache tu, kikatokea kijana na bodaboda yenye minyororo kwenye tairi la nyuma. Alipofika akashuka kwenye pikipiki, akainama, "Shikamoo bibi." Akavua koti lake, akaliweka kwenye kiti ili mama akae pakavu, akamwambia amshike kiunoni asiogope, na akamfikisha juu kwa mwendo wa kutembea kwa miguu huku mwanangu anakimbia pembeni yao. Nauli alikataa hadi nilipomtilia mfukoni kwa nguvu.

Huyu kijana hana tangazo wala picha za mawingu. Kwangu mimi ndiye aliyefanya kazi ya kampuni nzima siku ile, na baadaye akatuzungusha kijijini zaidi ya saa moja akitueleza kila kitu: mapichi na matofaa yanayoota huku kwa sababu ya baridi, mpaka wa hifadhi ya mazingira asilia ya Uluguru unapopita, kwamba ndani ya msitu huingii bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu na hulimi hata tuta moja. Alituonyesha mbuzi wa maziwa, uzao wa wale walioletwa kutoka Norway miaka ya 1980 kwa kazi ya watu wa chuo cha Sokoine. Mwanangu alikunywa chai ya maziwa ya mbuzi vikombe viwili, yeye ambaye nyumbani maziwa hayagusi.

Chakula cha mchana cha kampuni hatukukiona, dereva alikuwa chini na gari. Yule mama wa njegere ndiye aliyetupikia: ugali, maharage mapya, na kabichi iliyokatwa nyembamba kama uzi. Hakutaka kusikia habari ya hela. Alipokea kanga moja kwa mikono miwili, akaifunga pale pale juu ya ile aliyokuwa amevaa.

Kisha wakampeleka mama kwenye kiwanja. Nyumba ya bibi haipo tena, imebaki mawe manne ya msingi na mti wa pichi uliozeeka. Pote pamelimwa karoti na mtoto wa binamu yake mama, ambaye siku ile alikuwa ameshuka sokoni. Mama alisimama ukingoni mwa tuta muda mrefu. Nilidhani atalia, hakulia. Aliinama, kwa shida, mimi nikamzuia akanikatalia kwa kiwiko. Akang'oa karoti moja, nyembamba bado haijakomaa, akaifuta udongo kwenye pindo la kanga, akaivunja vipande viwili. Kimoja akampa mjukuu. Kingine akakitafuna mwenyewe kwa upande mmoja wenye meno, polepole, macho ameyafumba, udongo kidogo umemganda mdomoni. Nilitaka saa zisimame pale.

Simu ikaita. Dereva. "Mnarudi saa ngapi? Nina wateja wengine jioni."

Wateja wengine! Aliita mara saba. Nimezihesabu, ziko kwenye simu hadi leo. Mara ya tano ndipo mama aliposema twende, asije kijana wa watu akagombezwa na bosi wake. Yule yule aliyemwita mzigo. Hivyo ndivyo mama yangu alivyo, na ndiyo maana nashindwa kulimeza jambo hili.

Kuteremka alikuwa anaendesha kama anayekimbizwa, kona zile na tairi lile kipara, nikimwomba apunguze ananijibu kwamba treni itatuacha. Na ilituacha. Tulichelewa Kihonda kwa robo saa, kwa sababu njiani, hapo Mzumbe, alisimama kununua vocha na kuongea na rafiki yake. Alitushusha, akadai salio lake, akaondoka. Tukatafuta bajaji hadi Msamvu, tukapata basi la usiku, mama amekaa mpaka Dar miguu imevimba kama mikate, kitu kile kile nilichopanga miezi yote hiyo kukikwepa. Tulifika nyumbani usiku mkubwa. Mtoto hakwenda shule.

Nilipoandika malalamiko, yule dada wa maneno matamu alinijibu baada ya siku kadhaa: "Samahani dada kwa usumbufu mdogo uliojitokeza. Tunakupa punguzo safari ijayo." Wakanirudishia na elfu thelathini ya chakula, bila kuombwa. Nikiri, hapo moyo ulilegea. Nilisema pengine nimekuwa mkali, barabara ile kweli mbaya, mvua hawakuileta wao, na mtu anayekosea akarudisha hela siku hizi ni wa kuhesabu. Nilitaka kuwapa alama tatu kwa tano. Hata rafiki yangu aliyesafiri nao wakati wa kiangazi anasema walipelekwa vizuri, gari refu lilikuwepo, dereva alikuwa mwingine. Basi nikasema wacha iwe tatu.

Lakini nikiwa naandika hapa nimerudi kuusoma ule ujumbe. Usumbufu mdogo. Kwenye malalamiko yangu niliandika wazi kabisa dereva alisema nini, neno kwa neno, na nani alisikia. Hawakuligusa. Wamelipa sahani ya ugali, neno wameliacha. Gari bovu nasamehe. Kuchelewa nasamehe. Treni nasamehe, nilipanga kwa kubana mno, hilo ni langu. Tatu siwapi. Nawapa moja, na hiyo moja ni ya mandhari, ambayo hata hawakuiumba wao.

Kwa anayetaka kwenda Mgeta, nenda. Nakuomba uende. Ila usifanye kosa langu la kutoka Dar na kurudi siku moja. Lala Morogoro mjini, anza safari alfajiri, mchana wote uwe wa kwako. Nenda kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Oktoba barabara ikiwa kavu, na beba sweta hata kama mjini jua linawaka. Gari lione kwa macho kabla hujalipa, matairi yake, liwe linavuta kwa magurudumu yote manne. Kama una mzee, mwambie dereva mwenyewe kwa mdomo wako, usimwambie anayepokea simu ofisini, na msikilize anavyokujibu. Au usipite kwa kampuni kabisa: panda magari ya abiria yanayokwenda Nyandira, shuka kijijini, pita ofisi ya kijiji ujitambulishe, omba kijana wa kukutembeza. Yupo, na atamwamkia mama yako.

Sisi tunarudi kiangazi kijacho. Mama ameshanituma niulize kama yule mama wa njegere ana chumba, anataka kulala siku mbili, awakute na wale waliokuwa sokoni. Nimeshaongea na kijana wa bodaboda, ameniambia bibi asipande mpaka amwite yeye, atashuka na minyororo yake hata Mlali kumpokea.

Na nyie mlio Morogoro, najua mtasoma. Punguzo lenu silitaki. Elfu thelathini nitawarudishia mkitaka. Ninachotaka ni yule kijana apige simu, aseme shikamoo, aombe radhi. Namba ya mama mnayo. Ndiyo ile mliyompigia kumkumbusha salio.